Njia ya Kwenda Sana

Sanduku la bati la mama tulilifungua siku ya tatu baada ya kumzika, mimi na binti yangu mkubwa. Ndani mlikuwa na vitenge vinne ambavyo hakuwahi kuvivaa hata mara moja, rozari iliyokatika, picha yangu ya komunyo ya kwanza, na chini kabisa kitu kizito kilichofungwa ndani ya kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe. Binti yangu alikifungua, akaangua kicheko. "Maman, ona! Alikuwa anachunga jiwe mu sanduku! Jiwe ya nini?" Lilikuwa jiwe jeusi la kando ya ziwa, urefu wake kama unyayo wa mwanamume, upande mmoja bapa. Mimi sikucheka. Nilikaa chini sakafuni na magoti yangu haya mabovu, nikalipokea, na harufu ya kinkina ikanijia puani, lile ganda chungu la dawa ya malaria lililokuwa likianikwa kwenye mashamba ya wazungu. Jiwe lenyewe halikuwa na harufu yoyote. Miaka yote nilidhani liko chini ya maji.

Ninyi wenzangu mliokuwa watoto mtaani Kadutu kabla ya uhuru, hamhitaji kuelezwa kikohozi kilikuwa nini. Mtu akikohoa usiku, ukuta wa pili ulisikia, na asubuhi majirani walikusalimia wakiwa mbali. Baba yangu alikohoa msimu mzima wa mvua. Alikuwa mwashi, si wa matofali, wa mawe. Ngazi nyingi za Nguba, zile zinazoshuka kutoka bustani za wazungu hadi ziwani, zimepita mikononi mwake, na hakuna hata moja tuliyoruhusiwa kuishuka. Siku ya Mungu, baada ya misa, alinikalisha nyuma ya nyumba na kunitandazia mawe chini. "Jiwe iko na uso, Nsimire. Usipige nyundo mbele ya kuona uso. Haya, tafuta." Nilitafuta. Nikiupata alipiga kofi moja tu la furaha, pwaa, na kumwita mama aje aone mtoto mwenye macho.

Kazini alikwenda miguu wazi. Alisema unyayo ndio unaosikia kama jiwe limekaa vizuri au linadanganya. Lakini alikuwa na viatu, jozi moja, vyeusi, vya kamba, na hivyo vilikuwa vya misa. Mvua ikinyesha alivibeba kwapani mpaka mlango wa kanisa, akanawa miguu kwenye mfereji, ndipo akavivaa. Mama alimtania: "Mungu anakuona hata njiani, Papa Nsimire." Baba alijibu kwamba njiani Mungu anaona mwashi, mle ndani anataka kuona mutu.

Walimchukua siku ya kazi. Motokari yenye mashine ya kupiga picha vifua ilikuwa imekwisha kupita kwa wafanyakazi, na wiki iliyofuata waliokutwa na ugonjwa waliitwa kwa majina yao, palepale kazini, wakapandishwa garini na vumbi lao na miguu yao wazi. Jirani yetu, Mama Bahati, ndiye aliyekuja mbio kutuambia. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni. "Mama Nsimire, wamemupeleka ku sana." Mama aliacha mwiko ndani ya bugali, akatoka nje, akakaa kwenye udongo katikati ya uwanja, mbele ya watu wote.

Leo najua. Sanatorio, nyumba ya wagonjwa wa kifua. Wasemao Kifaransa wanalikata jina wanasema *sana*, na sisi tukalichukua lilivyokatwa. Lakini mtoto wa miaka saba angejuaje? Mimi nilijua *sana* moja tu, ile ya mbali sana, nzuri sana, njaa sana. Nikafahamu kwamba kumbe ni mahali. Kumbe siku zote watu walikuwa wakiutaja mji huo na mimi sikusikia! Na kwa kuwa kila kizuri kilichozidi kiliitwa kwa jina lake, nikaamini baba amepelekwa mahali ambako vitu vinazidi, na kwamba mtu akisema "aksanti sana" anatuma salamu za shukrani kule. Basi nikaanza kushukuru. Mama Bahati akinipa muhogo: "Aksanti sana!" Mtu akinipisha kwenye bomba la maji: "Aksanti sana!" Nilipaza sauti ili ifike. Watu wakasema, loo, mtoto wa yule mwashi ana adabu. Mama alinitazama tu.

Miezi ikapita. Jumamosi moja jioni, kijana msaidizi wa dereva wa lori alisimama kwetu. Lori lao lilikuwa limepeleka mbao kule kilimani, na baba alikuwa amemwita kutoka dirishani.

"Papa Nsimire anasema mulete biatu yake. Mbio."

Mimi niliruka juu. Viatu! Mtu anaagiza viatu akitaka kutembea. Mtu anatembea akiwa anarudi nyumbani. Hilo halikuhitaji kufikiriwa. Lakini mama alimshika kijana mkono.

"Alisema aje?"

"Mulete biatu."

"Alikuwa amekaa ao amelala?"

"Mama, mimi sikuingia. Ni ku dirisha tu."

"Sauti ilikuwa ya mutu amekaa ao amelala?"

Kijana akatazama chini. Akasema lori haliendi kesho, ni siku ya Mungu, na Jumatatu wanaelekea Luvungi, upande mwingine kabisa. Akaondoka bila kunywa maji aliyopewa. Mama alivitoa viatu chini ya kitanda, akavipaka mafuta ya mawese kwa kidole, polepole, mpaka kwenye matundu ya kamba. Mimi nilikuwa naimba. Nasikia aibu nikikumbuka nilivyokuwa naimba.

Kutoka mjini kulihitaji karatasi ya Leta, yaani serikali, na ofisi ya karatasi ilifungwa siku ya Mungu. Kwenye barabara kubwa kulikuwa na kizuizi na polisi, na mwanamke bila karatasi alirudishwa au alilala ndani. Mama alijua hayo yote. Jogoo wa kwanza alitukuta tumekwisha kufunga mlango. "Tutafuata maji," alisema. "Ziwa haiulizaka karatasi." Akavifunga viatu ndani ya kitambaa cheupe, akaniwekea kichwani, akanishika kidevu kwa nguvu mpaka kikauma. "Sikia. Nitakubeba ukichoka, lakini hizi unabeba weye. Hizi biatu njo Papa yako. Ukipoteza, tumemupoteza."

Tulipita kijiji cha Kasha kukiwa na ukungu bado, tukateremka kwenye migomba hadi ufukweni. Mwanzoni nilifurahi. Maji yalikuwa kimya, kisiwa cha Ijwi kimelala kule mbali, na wavuvi wachache walikuwa wakirudi na samaki wa kuhesabika. Sambaza, wale dagaa wetu wa leo, walikuwa hawajaletwa bado ndani ya ziwa letu. Mama alimuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akifua kama ku sana ni mbali. Mwanamke alielekeza kwa mdomo ng'ambo ya maji. "Si ile pale? Ile nyumba nyeupe juu ya kilima, mbele ya Birava." Nikaiona! Nyeupe, ndogo, wazi kabisa. Nikasema, "Mama, tumefika karibu." Mama akakaza kitenge chake, akaongeza mwendo.

Nani asiyelijua ziwa letu? Halina ukingo wa kunyooka. Ardhi inaingia majini vidole vidole, na kati ya kidole na kidole maji yanaingia ndani ya nchi, na wewe mwenye miguu lazima uingie nayo mpaka mwisho wake, uvuke matope, utoke tena upande wa pili. Tulikwenda kidole cha kwanza, na nyumba nyeupe ilikuwa palepale. Tukazunguka cha pili, ikarudi nyuma. Kwenye cha tatu tulitembea muda mrefu tukiwa tumeipa mgongo, tukielekea tulikotoka, na hapo mama alianza kusema peke yake kwa Kimashi, lugha yetu, maneno ya haraka ambayo hayakuwa sala. Kila rasi tuliyoifikia alisimama, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kama tumesogea. Hatukuwa tumesogea. Jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Kwenye ghuba moja tulimkuta mzee mwenye mtumbwi. Kuvuka pale kwa maji ilikuwa kufumba na kufumbua. Kwa miguu, nusu ya asubuhi. Mama alimsalimia kwa heshima zote, akapiga goti.

"Muzee, utuvushe. Mutoto amechoka."

"Munaenda wapi?"

Angedanganya tu! Mpaka leo namwambia mama moyoni, kwa nini hukudanganya? "Ku sana," alisema. "Kwa bwana yangu."

Mzee aliusukuma mtumbwi nyuma kwa kasia, hatua mbili ndani ya maji. "Hapana, mama. Unihurumie na mie. Mutumbwi yangu inabeba watoto yangu."

Mama hakumtukana. Alinyanyuka, akapangusa goti, tukaizunguka ile ghuba kwa miguu, matope yakinifika mapajani, na kitambaa kichwani nimekishika kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nalia kwa sauti ndogo ili asinisikie. Viazi viwili baridi tulivyokuwa navyo nilivila mimi vyote. Yeye alisema hana njaa, na mimi nikamwamini, maana mtoto anaamini anachokitaka. Tulipotoka kwenye matope nikamuuliza kama wakati wa kurudi baba atanibeba mabegani. Alinizaba kofi. Hakuwahi kunipiga usoni kabla ya siku ile. Kisha akachuchumaa, akanikumbatia na matope yangu, akapiga kelele kuelekea ziwani, "Nyamuzinda, unaniona? Unaniona ao hunioni?" Huyo ndiye Mungu kwa lugha yetu. Hakujibu, na sisi tukaendelea.

Mchana mkali ulitukuta kwenye shamba la kinkina. Miti ilishuka kwa ngazi ngazi mpaka karibu na maji, na chini, kwenye mikeka mirefu, maganda yalikuwa yameanikwa, mekundu, yakinuka uchungu mpaka ulimi ukakauka. Kando ya maji kulikuwa na jabali, hakuna pa kupita. Ilibidi tukate katikati ya mikeka. Tulikuwa tumefika nusu niliposikia filimbi.

"Wezi! Wezi ya kinkina! Simameni!"

Kapita, msimamizi wa shamba, alikuwa akishuka na fimbo, na mbwa wawili mbele yake. Mama alinivuta mkono, tukakimbia. Tulikimbia kwa kushuka, kutoka ngazi moja ya miti kwenda nyingine, matawi yakinichapa, mama akisema, "Shika! Shika!" Sijui alimaanisha nini, mkono wake au mzigo. Tuliruka mfereji, tukaingia kwenye matete, tukalala chini kwa matumbo. Mbwa walibweka kwenye mfereji bila kuuvuka. Kapita akatutukana mpaka akachoka, akarudi zake.

Mama alisogea majini kunywa na kuosha damu miguuni. Mimi nilibaki kwenye matete na kile kitambaa. Nilikuwa nimekishika kifuani, kimefunguka upande mmoja, na kilikuwa chepesi. Nilijua kabla ya kutazama. Kiatu kilikuwa kimoja.

Nataka niseme nilivyosikia, kwa sababu tangu siku hiyo sijapata kusikia vile tena, hata nilipozika watoto. Nilitambaa kurudi mpaka kwenye mfereji, nikachungulia. Kapita alikuwa amekaa chini ya mti wa kwanza, mbwa miguuni pake, akila. Kiatu kilikuwa huko juu mahali fulani, kwenye ngazi moja kati ya ngazi nyingi. Mama aliniita. Ukipoteza, tumemupoteza. Mtu hawezi kurudi nyumbani na kiatu kimoja, kwa njia ndefu namna ile, vidole vyote vile. Nilikuwa nimeiua safari yake. Mama aliita mara ya pili, na mimi nikashuka ukingoni mwa maji, mahali mawe meusi yalipolala, nikafanya kile baba alichonifundisha. Sikuokota la kwanza. Nilitafuta lenye urefu wa kiatu, lenye upande wa kukaa vizuri, nikaligeuza, nikaona uso wake. Nikalifunga pamoja na kile kiatu kimoja, nikakaza fundo kwa meno.

"Iko yote?" mama akauliza.

"Iko yote."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mkubwa, nao ulikuwa mzito. Niliubeba kichwani mchana wote uliobaki. Shingo iliniuma upande mmoja na sikuthubutu kubadilisha. Mara mbili mama alitaka kunipokea, mara mbili nikakataa, na mara ya pili aliniambia kwa upole kwamba nimekuwa mtu mkubwa. Nilitamani ziwa linimeze. Nyumba nyeupe sasa ilikuwa inakua, madirisha yake yalionekana, na mimi niliyeitamani tangu asubuhi nikaanza kuomba irudi nyuma, iende mbali, vidole viongezeke.

Tulifika jua likiwa juu ya milima ya magharibi, karibu kuzama. Kulikuwa na ua wa waya, majani yaliyokatwa vizuri, na nyumba ndefu yenye baraza na ukuta mfupi mbele yake. Mlinzi wa langoni alisema bila kuinuka kwamba saa ya kuona wagonjwa imekwisha, turudi kesho. Mama alipiga magoti. Siku hiyo alikuwa amekwisha kupiga goti kwa mwenye mtumbwi, lakini sasa yalikuwa magoti yote mawili na viganja juu ya udongo.

"Papa, nimetembea tangu jogoo. Kesho ni nini? Uniambie, kesho ni nini?"

Kelele zilimtoa munganga mmoja, yaani muuguzi, si daktari, mtu wetu mweusi, mwembamba, mwenye miwani na koti jeupe. Akauliza ni nani. Mama akasema yeye ni mke wa Papa Nsimire, mwashi.

"Ule wa mawe?" Munganga akatazama kitambaa kichwani mwangu. "Mumeleta biatu?"

"Tumeleta."

"Ingia, mama. Mbio. Mutoto abakie hapa, ni kifua, watoto hawaingiaka."

Mama aliuchukua ule mzigo kichwani mwangu. Nikakishika kitambaa kwa ncha, kisha nikakiachia. Aliona uzito, nadhani, maana alisita hatua moja. Kisha akamfuata munganga, na mlango ukafungwa. Nilishika waya. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilihesabu madirisha, nikayasahau, nikaanza tena. Mlinzi aliniuliza nalia nini, hapa si watu wanaponywa? Sikuweza kumwambia kwamba mahali ambapo kila kitu kinazidi, mimi nimeleta kilichopungua.

Halafu baba akatoka kwenye baraza. Mama alikuwa upande mmoja, munganga upande wa pili. Alikuwa amekonda hata shingo yake sikuijua, lakini alinyoosha mikono, akawasukuma pembeni, akasimama mwenyewe nyuma ya ukuta mfupi. Alisimama! Kisha polepole, kwa mkono akilisaidia paja lake, akainua mguu mmoja akauweka juu ya ukuta, mbele ya macho yangu. Kiatu cheusi. Mafuta ya mawese yaling'aa juani. Alinionyesha kiatu kile, akagonga ncha yake kwenye jiwe la ukuta kama alivyokuwa akipima kazi, na ule mguu wa pili ukabaki nyuma ya ukuta, chini, nisiuone.

Aliita. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, lakini jioni ilikuwa kimya.

"Nsimire! Aksanti sana."

Nikasikia *Aksanti, Sana*. Kwetu mgeni hatoki kwenye nyumba aliyolala bila kumshukuru mwenyeji. Akishashukuru, ni safari. Baba alikuwa ameaga. Alikuwa anaiaga Sana mbele ya watu wote, kiatu mguuni. Niliruka nikauchana mkono kwenye waya. Munganga akaja upande wangu, akainama, macho yake nyuma ya miwani yalikuwa mekundu.

"Papa yako anauliza jiwe alichagua nani."

"Ni mie," nikasema.

"Anasema iko na uso muzuri."

Nilipoinua macho, barazani hapakuwa na mtu.

Mama alitoka kukiwa na giza la kwanza, kitambaa mkononi, jiwe ndani yake. Nilimrukia. "Amekwisha kuaga! Nimesikia, amesema Aksanti Sana! Anarudi na kiatu kimoja, ile ingine tutatafuta!" Mama alikaa chini palepale barabarani. Aliweka uso wake juu ya kile kitambaa na jiwe lake, wala hakuniuliza habari ya kiatu, si siku hiyo, si siku nyingine yoyote aliyoishi.

Tulilala kwa mkristo mmoja chini ya kilima. Asubuhi mama alipanda peke yake, na alirudi mchana, macho yamevimba. "Twende." Nikauliza, Papa je? "Papa amebakia." Tulirudi kwa vidole vilevile, na kwenye shamba la kinkina tulizunguka mbali, juu, karibu na barabara. Jiwe sikuliona tena, nikadhani amelitupa majini. Kadutu nilitangulia mbio. Nilimwambia Mama Bahati, nikawaambia wanawake wa bombani, nikawaambia wote kwamba baba amesimama na kuvaa kiatu na kuiaga Sana. Wanawake walimtazama mama aliyekuwa anakuja nyuma yangu. Mmoja alishusha ndoo yake, akaanza kulia kwa sauti, wengine wakapokea, na mimi nikasimama katikati yao nikiwakasirikia, nikiuliza wanalia nini na mtu anarudi.

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto nilipofahamu kiatu kilikuwa cha nini. Kule kilimani waliofariki walizikwa siku ileile, ndani ya blanketi, miguu ilivyo. Baba aliona haya kwenda mbele ya Mungu na miguu ya kazi. Mama alilielewa hilo tangu kijana wa lori alipofungua mdomo, na alitembea siku nzima akilijua, huku mimi nikimuuliza habari za kubebwa mabegani. Baba yangu alizikwa na kiatu kimoja. Nimekwenda kuungama dhambi nyingi maishani na hiyo sikuwahi kuitoa, niliogopa padri atasema si dhambi.

Kwenye kilio cha mama watu walikuja wengi, na jirani mmoja mzee, ulimi wake haujatulia hata matangani, alisema mbele yetu: "Mama yenu alikuwa muzuri, lakini shukrani yake ilikuwa fupi." Watu wakacheka, kwa sababu ni kweli. Tangu nilipokuwa na miaka saba, hakuna aliyemsikia akisema aksanti sana. Umpe ng'ombe, angesema "aksanti" na kufunga mdomo. Akitaka kushukuru kwa nguvu alirukia Kimashi: koko bwenene. Walimwona ana kiburi. Mimi nilidhani anaichukia ile nyumba. Mpaka tulipofungua sanduku, nikalishika lile jiwe mikononi na kuligeuza, nikaona kwamba ule upande wa uso umelainika kwa kushikwashikwa, nikajua hakuwa na chuki yoyote. Lile *sana* alimwachia baba, mwenyewe.

Siku ya kumaliza kilio, wanaume wa familia waliniambia mimi mkubwa nisimame niwashukuru watu. Walikuwa wamejaza uwanja mpaka barabarani. Wengine walikuwa wamepika, wengine wamebeba jeneza, wengine wamelala chini na sisi siku zote hizo. Nilisimama na jiwe ndani ya kitambaa chake.

"Aksanti," nikasema.

Wakangoja neno la pili. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikakaa chini.